Moyo wa Kichwa cha Mstari

Ukweni kwangu mwanamume alichaguliwa kwa kupapaswa kifua. Sitanii. Kila mwaka, mvua za kwanza zikishalainisha udongo, wanaume wa kikundi cha kulima walijipanga pembeni ya shamba, ngoma ikapigwa, wakalima kwa kushindana mpaka jasho likawachuruzika. Kisha ngoma ikakatwa ghafla. Waliachia majembe wakasimama wima, na mpiga ngoma akapita akiweka kiganja kifuani kwa kila mmoja, huku mwanamke mmoja akinywa kata ya maji polepole ili kupima muda. Kata ikiisha, mpiga ngoma alirudi tena kwenye vifua vilevile. Aliyekutwa ametulia aliambiwa moyo wake umelala, akapelekwa nyuma ya mstari huku akichekwa. Aliyekutwa moyo wake bado unakwenda kwa kasi ya ngoma, wakati ngoma yenyewe imeshanyamaza, huyo ndiye aliyepewa uongozi. Walimwita kichwa cha mstari. Msimu mzima alilima mbele, wengine wakafuata, na hakuna aliyeruhusiwa kumpita.

Sijui desturi hiyo waliitoa wapi. Wasukuma wengine niliokuja kuwauliza hapa Majengo, Mpanda mjini, ninakoishi sasa, waliniambia hawajapata kuisikia. Kulima kwa ngoma wanakujua sana, lakini kwao anayeongoza huonekana kwa jembe lake. Basi huenda ilikuwa ya ukoo ule tu, au aliibuni baba mkwe ambaye alifariki kabla sijaolewa. Aliyeibuni simsamehe.

Mimi ni Mpimbwe wa upande wa Kasansa, binti wa mkulima wa mpunga na mahindi ambaye hakukosa misa hata siku aliyoumwa jino. Watu wa mume wangu walishuka kutoka kaskazini na ng'ombe wao, wakaweka maboma nje ya kijiji chetu, wakaanza kufungua mashamba. Baba alinung'unika sana nilipoposwa. Alisema naenda kuwa mke wa kwato. Lakini mume wangu alikuwa na maneno matamu na hakuwa na haraka ya kitu chochote isipokuwa kucheka. Asubuhi alikuwa akiwaamkia kuku wangu kwa Kisukuma, "Mwangaluka," halafu anasubiri jibu kwa heshima zote. Alikuwa mwembamba, mfupi kuliko kaka zake, na hakuchunga utotoni kama wao. Nilidhani mama yake alimdekeza tu.

Kazi yangu ilikuwa mhudumu wa zahanati. Nilifagia, nikachemsha sindano, nikapima watoto uzito, nikaandika majina kwenye daftari. Aliyeiendesha alikuwa mzee wa Kifipa aliyekaribia kustaafu. Sisi sote tulimwita daktari, ingawa mwenyewe alisema kila mara kwamba yeye ni mganga msaidizi tu na tusimpandishe cheo. Ndiye aliyenifundisha kushika kifundo cha mkono na kuhesabu mapigo kwa robo dakika, kisha kuzidisha mara nne. Alinipa pia saa ya zahanati yenye mshale wa sekunde, nikae nayo nyumbani, kwa sababu wanawake wengi walijifungulia majumbani na mara nyingi nilikuwa naitwa.

Kiangazi kimoja, katikati ya miaka ile ya tisini, waliletwa vijana waliotaka kwenda mafunzo ya mgambo ili wapimwe. Daktari hakuwa na mashine yoyote. Aliwazungusha uwanja wa mpira mara nne, kisha akawaweka chini ya ukuta wa zahanati, yeye akishika mkono na mimi nikiandika. Alihesabu walipofika tu, akahesabu tena baada ya dakika moja, tena baada ya dakika mbili. Wengi walifika na mapigo mia na hamsini au mia na sitini, na dakika moja baadaye walikuwa wameshuka hadi mia na ishirini na kitu. Mmoja, kijana mwenye mabega mapana kuliko wote, alifika na mia na hamsini na sita, na baada ya dakika alikuwa na mia na hamsini na mbili. Daktari alimkataa. Yule kijana alikasirika, akaonyesha misuli yake.

"Kupanda kila mtu anapanda," daktari aliniambia walipoondoka. "Hata mimi nikikimbia moyo utanipanda, na usiopanda kabisa nao una walakini wake. Wewe angalia unavyoshuka. Moyo mzima ukiambiwa pumzika, unapumzika hapohapo. Ukiona unaendelea kukimbia wakati mwenyewe amekaa, ujue ndani kuna shida."

Niliyashika maneno hayo vizuri. Nayarudia hapa ili mtu asije akasema nilikuwa mjinga.

Mvua zilipoanza mwaka huohuo, kikundi kilichagua. Mpiga ngoma alikuwa shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, mtu wa sauti nene aliyezoea kutiiwa na watu na ng'ombe. Sisi wanawake tulikwenda na vyakula na maji. Walilima kipande kirefu, majembe yakipanda na kushuka pamoja, na nikubali kwamba ilikuwa inapendeza kutazama. Ngoma ilipokatwa, shemeji akapita. Mke wake ndiye aliyekuwa anakunywa maji. Shemeji alipofika kwa mume wangu mara ya pili, aliacha kiganja pale muda mrefu, kisha akacheka kwa furaha mpaka akashika kiuno.

"Njooni muone mambo!" aliita. "Bado unalima huu! Mdogo wangu moyo wake bado upo shambani!"

Wakamwinua juu juu. Nilipiga vigelegele kuliko wanawake wote. Mume wangu, ambaye miaka yote aliwekwa nyuma ya mstari pamoja na wazee bila kupapaswa, na mwaka ule ndio kwanza ameshindana, alikuja kukaa pembeni yangu kwenye kivuli cha kibanda huku meno yote yakiwa nje. Nikamshika kifundo cha mkono kwa mzaha. Nilitaka kumtania kwamba sasa mke wa kichwa cha mstari naye atampapasa kwa saa.

Kwa robo dakika nilihesabu thelathini na saba. Mia na arobaini na nane. Nikasema moyoni, amebebwa, ana furaha, ngoja. Baada ya dakika nikahesabu thelathini na sita. Nikampakulia ugali na maziwa ya mgando, akala, akasimulia, watu wakaja kumpongeza. Nikamshika tena, na bado ulikuwa zaidi ya mia na ishirini, na sasa ulikuwa unaruka: unapiga, unapiga, unanyamaza, kisha unapiga miwili kwa pamoja. Nikajifanya nacheza, nikamshika na shemeji. Shemeji alikuwa amepiga ngoma kwa nguvu asubuhi nzima, na mapigo yake yalikuwa themanini na nne.

"Mimi wangu umelala siku nyingi," shemeji alinitania. "Ndiyo maana nimebaki na ngoma."

Nilijua. Nilijua palepale, nikiwa na saa mkononi na ugali kwenye vidole. Ningeweza kumwambia kabla hatujarudi nyumbani.

Sikumwambia, na sababu ni hii. Mke wa kichwa cha mstari shamba lake hulimwa kwanza. Hivyo ndivyo walivyopanga tangu zamani: kikundi kinaanza kwake, kisha ndipo kinakwenda kwa wengine. Misimu miwili mfululizo majaruba yangu manne ya mpunga yalikuwa yamelimwa mwisho kabisa, kwa kuwa mume wangu alikuwa mtu wa nyuma, na mara zote mbili mvua zilikatika mpunga ukiwa bado haujatoa masuke. Nilivuna makapi. Nilikwenda kwa baba yangu kuomba chakula cha watoto wangu wawili, na baba alinipa, lakini alinipa pamoja na maneno. Sasa ghafla wanaume ishirini na majembe yao walikuwa wanakuja kwangu kesho yake. Nikajiambia, siku tatu tu. Wakimaliza majaruba yangu, nampeleka kwa daktari. Moyo uliomvumilia miaka thelathini na kitu hautashindwa siku tatu.

Hazikuwa siku tatu. Mvua iliwafukuza, wakarudi, ikawafukuza tena, zikawa tisa. Siku zote hizo mume wangu alilima mbele, kwenye shamba langu, na mimi nilipika. Kufikia siku ya sita alikuwa ameanza kukohoa, na akaomba gunia la pumba aliweke chini ya kichwa, akisema akilala chali pumzi inakuwa fupi. Nikampa gunia. Nikamkorogea uji. Jaruba la mwisho lilipomalizika nilisimama kwenye tuta nikaliangalia, nikaona raha. Nimejilazimisha kuandika kwamba niliona raha, maana ndivyo ilivyokuwa.

Kesho yake nilimpeleka zahanati kwa uongo kwamba daktari anataka kumpa dawa ya kikohozi. Daktari alimtazama anavyopumua, akavuta benchi la wagonjwa, akamwambia apande na kushuka kwa dakika tatu. Mume wangu alicheka, akaanza kama anayecheza ngoma. Dakika moja na nusu alikuwa amekaa chini. Daktari alishika mkono wa kulia, mimi nikashika wa kushoto, tukahesabu pamoja bila kutazamana. Dakika ya kwanza, ya pili, ya tatu. Haukushuka. Daktari akaweka mpira wake wa kusikilizia kifuani, akakaa nao muda mrefu, akanipa na mimi. Nilisikia sauti ya hewa, kama mtu anayepuliza moto wa kuni mbichi, kila baada ya pigo.

"Utotoni uliwahi kuugua koo, halafu magoti yakavimba?" daktari alimuuliza.

"Sikumbuki mzee," alisema mume wangu.

Lakini mama mkwe alikumbuka nilipomuuliza jioni hiyo. Mayu, ndivyo tulivyomwita, alisema mwanawe alikuwa na miaka kama tisa, koo likamuuma, kisha magoti na vifundo vikavimba kimoja baada ya kingine, akalala msimu mzima, wakamnywesha mizizi akapona. Alipona magoti. Daktari alinieleza kwamba ugonjwa ule huacha magoti ukahamia kwenye milango ya moyo, ukaila polepole. Moyo wenye milango mibovu hauwezi kupumzika, kwa sababu damu inarudi nyuma na kazi haiishi. Akamwandikia sindano za kila mwezi, vidonge vya kutoa maji mwilini, na barua ya kwenda hospitali ya wilaya, Mpanda, na kutoka pale apande treni kwenda kwenye hospitali kubwa huko Mwanza. Na jembe la ngoma aliache tangu siku hiyo.

Mume wangu aliikunja barua mara nne akaitia mfukoni.

"Msimu ukiisha," alisema.

"Daktari amesema leo."

"Mama watoto, watu wamenibeba juu. Unataka niwaambie nini? Kwamba nimesimamishwa na benchi?"

Nilibishana naye wiki nzima. Nililia, nilinuna, nilimnyima maneno, nikamrudishia. Alikuwa mpole vilevile na hakubadilika hata kidogo, na hakuna kitu kinachokera kama mwanamume mpole mwenye kichwa kigumu. Mwishowe nikaamua kwenda mbele ya kikundi chenyewe. Nilikuwa na akili za zahanati, nikaamini kwamba watu wakioneshwa kitu kwa macho yao watakubali. Hilo ndilo kosa langu la pili, na kama si lile la kwanza, ningelicheka.

Nilifika walipokuwa wanamaliza kipande cha asubuhi. Shemeji akakata ngoma. Nikasema kwa sauti, mbele ya wote, kwamba mume wangu ni mgonjwa wa moyo na hafai kuongoza, na kwamba nina uwezo wa kuwaonesha. Nikaomba wakae palepale walipo. Walikubali kwa sababu ya ile saa, nadhani. Walidhani ni mchezo mpya. Nikapita mstari mzima nikishika mikono yao, nikitamka hesabu kwa sauti, na mwanafunzi mmoja wa shule akiandika kwa kijiti kwenye mchanga. Kisha nikarudi mwanzo. Mmoja baada ya mwingine walikuwa wameshuka: huyu kutoka mia na arobaini hadi mia na kumi, huyu hadi tisini na sita, mzee wa mwisho kabisa hadi themanini na nane. Nilipofika kwa mume wangu sikuongeza wala sikupunguza. Mia na hamsini na mbili, na mara ya pili mia na hamsini na mbili.

Nikageuka kuwatazama. Nilitegemea kimya. Kilichonijibu ni shangwe.

"Nyie mmesikia?" Shemeji alikuwa ameinua mikono yote miwili. "Hata saa ya zahanati imesema! Mkono wangu haukosei!"

"Shemeji, hujanielewa," nilisema. "Moyo unaotulia ndio mzima. Huu wake hautulii kwa sababu ni mbovu."

"Yaani unaniambia trekta lililozima ndilo zima kuliko linalounguruma?"

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini.

"Trekta likikataa kuzima na umeshalizima mwenyewe," nilisema, "utalipanda?"

Kicheko kikapungua. Niliona mzee mmoja anajikuna kidevu, nikapata matumaini. Lakini shemeji hakuwa mtu wa kushindwa mbele ya mstari wake.

"Nitalima nalo mpaka kesho," alisema, na wote wakalipuka tena, mume wangu akiwa wa kwanza. Akanikonyeza jicho. Alikuwa na furaha kuliko siku waliyomchagua, kwa maana siku ile alichaguliwa kwa kiganja na sasa alikuwa amechaguliwa kwa saa.

Mayu peke yake hakucheka. Alikuwa amekuja na maji, akanitazama nikipita kwenye mstari nikihesabu, na nilimsikia akisema taratibu kwamba mifugo yenyewe haihesabiwi kwa sauti, itakuwaje watu. Akachukua kibuyu chake akaondoka. Sikumjali, maana nilikuwa na hasira. Msimu uliofuata, niliambiwa, shemeji alitafuta saa yake mwenyewe mnadani.

Wiki mbili baada ya siku ile niliyowahesabu waliitwa kulima kwa mfugaji mmoja mwenye eneo kubwa, ambaye aliita na kikundi cha kijiji kingine ili washindane, na fahali mzima akiwa amefungwa pembeni akisubiri washindi. Sikwenda. Nilimwambia mume wangu kwamba sitampikia wala sitamtazama akijiua. Akasema basi atakula kwa fahali. Hayo ndiyo maneno tuliyoagana nayo.

Walimleta mchana, wamemlaza juu ya ngozi ya ng'ombe, watu wanne wakiishika pembe. Walishinda. Waliniambia walishinda kabla hawajaniambia kitu kingine. Alimaliza mstari, akakaa chini, akaanza kukohoa povu jekundu jepesi, na shemeji alipoweka kiganja kifuani kama ilivyo ada alikuta moyo unakwenda ovyo, akapiga kelele. Shemeji huyo sasa alikuwa anatembea kando ya ngozi, ameshika kichwa kwa mikono miwili, ananiuliza mimi tufanye nini.

Daktari alimpa sindano na vidonge, tukamketisha akiegemea ukuta, pumzi ikarudi kidogo. Barabara ilikuwa imeharibika kwa mvua. Tulisubiri siku mbili lori la mbao, tukapita hifadhini kwenye matope na mbung'o, mume wangu akiwa ameketi mbele kwa dereva, mimi na shemeji juu ya mbao. Pale Sitalike lori lilipokwama shemeji alishuka akasukuma peke yake kabla wengine hawajaitwa.

Hospitali ya Mpanda walifanya walichoweza. Walitoa maji, wakampa hewa, wakasema akipata nafuu ndipo apande treni. Siku ya tatu alasiri, shemeji akiwa ametoka kununua chai, mume wangu aliniita.

"Mama watoto."

"Nipo."

"Siku ile waliyonichagua. Ulinihesabu."

Nikamvutia shuka kifuani.

"Uso wako ulibadilika. Nikajua ameona kitu huyu. Nikasubiri useme." Alivuta pumzi, akapumzika, akaendelea. "Mimi moyo huu naujua tangu mtoto. Unadunda mpaka meno yanasikia. Wenzangu walipokwenda machungani mimi nilibaki na mayu nachambua mboga. Miaka yote. Halafu kaka anaweka mkono anasema ni huyu. Wewe ungekataa?"

"Kwa nini hukuniambia?" Nilisema kwa ukali, nikasikia mgonjwa wa kitanda cha pili akigeuka.

"Na wewe?"

Nikatazama sakafu. Alisubiri, hakuwa amekasirika, na ningependa angekasirika.

"Mpunga umeshika?" aliniuliza.

"Umeshika."

"Umeshika vizuri?"

"Vizuri."

"Basi," alisema, akageuza uso ukutani kama mtu aliyemaliza shughuli.

Alikufa siku iliyofuata saa sita mchana. Nilimkasirikia kwa muda mrefu kuliko nilivyomlilia. Alijua kwamba najua, akalima majaruba yangu siku tisa bila kunisaidia hata kwa neno moja la kuniumbua. Aliniacha nichague, na nikachagua mbele yake, na akaendelea kuwaamkia kuku kila asubuhi. Mtu anayekupenda hivyo hakuachii pa kujitetea.

Tulimzika kwenye boma lao. Siku ya kuvunja matanga, ukoo ulikaa, na mimi nikaitwa nikae katikati kwenye mkeka. Shemeji alikuwa amekonda. Sikumwonea huruma wakati ule. Sasa namwonea, kwa sababu kiganja chake nacho kilimgusa mume wangu na yeye hakuwa na wa kumfundisha. Aliuliza maswali kwa niaba ya wote, macho yake chini.

"Shemeji, mayu anasema kitu kinachohesabiwa kinapungua. Ng'ombe tunawajua kwa rangi, hatuwahesabu kwa sauti. Watu hawahesabiwi. Moyo wa mtu ndio kabisa. Tunataka utuambie mwenyewe. Ulimhesabu au hukumhesabu?"

Nilikuwa na majibu yote. Ningewaeleza magoti yaliyovimba, milango ya moyo, damu inayorudi nyuma, barua iliyokunjwa mara nne. Ningewaambia kwamba kuhesabu hakuui. Baba yangu, aliyekuwa amekuja kunichukua, alinitazama akinisihi kwa macho nijitetee, nisije nikafukuzwa na jina la uchawi. Nikaona kwamba kosa walilonishikia lilikuwa jepesi mno, ningeweza kulibeba hadi Kasansa na zaidi, na kwamba nikilikataa wangetafuta jingine.

"Nilimhesabu," nilisema.

Wanawake wakaguna. Mayu akajifunika uso kwa kanga.

"Mara ngapi?"

Nikazitaja kwa vidole ili waone vizuri: shambani mbele yao, zahanati pamoja na daktari, na ile ya kwanza.

"Mara tatu," nilisema.

Shemeji akatikisa kichwa, akawatazama wazee, wazee wakatikisa vyao, na baba yangu akainuka kuchukua mzigo wangu. Hakuna aliyeniuliza ile ya kwanza ilikuwa lini.